Siku Mzee Jonah Alipomimina Mursik

Kuna miji ambako ukubwa wa mtu huonekana kwa gari lake, na kuna mingine ambako huonekana kwa jinsi watu wanavyonyamaza akikohoa. Huku Bureti, kwenye vilima vya chai vinavyolizunguka soko la Roret, tazama kibuyu. Mursik ikitolewa jikoni, yale maziwa yaliyoganda taratibu ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, mwanamke wa nyumba haipeleki ovyo. Husimama mlangoni, akatupa jicho mara moja juu ya wageni, kisha akaanza kutembea. Yule anayefikiwa kwanza ndiye mkubwa wa shughuli. Hakuna anayetangaza, hakuna anayeuliza. Maziwa yameshasema.

Kwa miaka mingi, katika kila nyumba ya waumini wa kanisa lililo juu ya mlima nje kidogo ya soko, kibuyu kilimfikia kwanza Jonah Kiptum, mwenyekiti wa baraza la kanisa.

Na alistahili. Jonah alikuwa mkulima wa kawaida, mwenye shamba dogo la chai, ng'ombe wachache wa maziwa na koti moja la kahawia la kuendea kila mahali. Upepo ulipoezua paa la kanisa, yeye ndiye aliyepanda juu kwanza, nyundo mkononi na misumari mdomoni, vijana wakiona haya kubaki chini. Ndugu wawili walipogombania mpaka wa shamba la baba yao, alikwenda akaketi juu ya mpaka wenyewe, mguu mmoja huku na mguu mmoja huku, akakataa kuinuka mpaka wachoke kutukanana. Walichoka. Mvua ya mawe ilipoichanachana chai ya bonde zima, alizunguka nyumba kwa nyumba kusali na watu, na ya kwake ikiwa imelala chini vilevile. Mtu wa namna hiyo akipewa kikombe cha kwanza, hakuna anayeuliza kwa nini.

Kisha, katika mkutano mkuu wa mwaka, Jonah akasimama akasema umri umekwenda na anaomba kupumzika.

Hakusukumwa na mtu. Alikuwa ameliombea jambo hilo na alilimaanisha. Ila huku, mzee akisema anaondoka, watu humsihi abaki. Yeye hukataa, wakamsihi tena, akakataa tena, na kwa njia hiyo kila mtu huenda nyumbani ameheshimiwa. Jonah alikuwa na majibu yake tayari, ya kukataa mara tatu, kila moja tamu kuliko lililotangulia. Alisihiwa mara moja. Ya pili ilikuwa bado inajikusanya kwenye benchi za akina mama pale Mchungaji Ongeri, mtu wa haraka haraka, aliposema, "Tuheshimu uamuzi wa mzee wetu," akaitisha majina.

Wakamchagua Wanjuhi.

Wanjuhi, ambaye wengi humwita Mama Njuguna, ana duka la mabati na misumari pale sokoni. Wazazi wake walitoka Murang'a wakalima Kipkelion, na huko ndiko alikozaliwa. Aliolewa Roret, akalea watoto Roret, na Kikipsigis chake ni kizuri kabisa isipokuwa kwa ule mpando wa sauti mwishoni mwa sentensi unaowafanya watoto wamwigize. Dukani kwake watu hutoka bila kupunguziwa bei na bado wakamshukuru. Jonah mwenyewe alimpigia kura. Alimwona ana kichwa na ana moyo.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya mtu anayejua kuondoka. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, shingo zote ziligeuka. Jonah alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na ndani ya kichwa hicho kilichoinama mlikuwa na utamu kama wa muwa.

Siku chache baadaye wageni walianza kuja.

Nyumba ya Jonah iko chini kidogo ya kanisa, kwenye njia ambayo kila mtu hupita. Alikuja mume na mke waliokosana. Wakaja majirani wawili na kesi ya mbuzi. Akaja shemasi aliyetaka kujua kama jiko la kanisa lijengwe upande wa juu au wa chini. Kila mara Jonah alisimama langoni akasema neno lililo sawa: "Mimi si mwenyekiti tena. Nendeni kwa Mama Njuguna." Na kila mara, wageni wakiwa bado wamesimama wakimwangalia kwa macho ya watoto waliofungiwa nje, aliongeza: "Lakini kwa kuwa mmeshafika, karibuni."

Rodah, mkewe, aliyekuwa akiweka sufuria ya chai jikoni kila lango lilipolia, alilijua neno hilo kabla halijatoka.

"Baba Kipkurui," alimwambia siku moja, "ukifa tutaandika juu ya jiwe lako: Lakini kwa kuwa mmeshafika."

"Unataka niwafukuze?"

"Nataka majani yangu ya chai yafike mwisho wa wiki."

Jonah alicheka naye. Hakusikia.

Jambo lenyewe lilikuja na kwaya. Vijana walitaka kinanda cha umeme kwenye sikukuu ya mavuno, akina mama wakataka ngoma na kayamba, na maneno yakawa makali mpaka watu wawili wakaacha kusalimiana. Wanjuhi akawaita pande zote mbili Jumamosi mchana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Wakaja, wote, wakipanda mlima. Walipofika kwa Jonah mvua ikaanza.

Shirley, kiongozi wa vijana, msichana mwenye nywele za kusuka na ulimi mwepesi, ndiye aliyesukuma lango. "Mzee, tunajikinga tu mvua! Hatujakuja kwa kesi."

"Karibuni, karibuni. Kesi gani?"

Wakamweleza. Chai ikaja. Jonah akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akatania hapa, akakemea pale, na mvua ilipokatika jambo lilikuwa limekwisha: ngoma nyimbo za kuingilia, kinanda nyimbo za sadaka. Watu waliokuwa hawasalimiani wakashikana mikono. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na la kuzungumza tena, wakateremka makwao wakiimba.

Huko juu, Wanjuhi alikuwa ameketi na wazee wa baraza, viti vya kwaya vikiwa vitupu mbele yao, wakisikiliza nyimbo zikienda mbali.

Alikuja kumwona Jonah mwanzoni mwa wiki. Jonah alikuwa shambani akipogoa. Michai ikiachwa bila kukatwa hukua ikawa miti ya kweli, mirefu, ya kupendeza macho na isiyo na faida kwa mtu. Kwa hiyo baada ya miaka kadhaa hukatwa mpaka kwenye magoti, shamba likabaki visiki na vijiti kama mahali palipopitiwa na vita. Wanjuhi alipita katikati ya visiki hivyo na gambuti zake, akasimama, akasalimu.

"Chamgei, Mzee."

"Chamgei mising, Mama Njuguna. Twende nyumbani, Rodah aweke chai."

"Sitaki chai yako, Baba Kipkurui. Watu wote wa kanisa hili wamekunywa chai yako. Mimi nimebaki peke yangu." Alisema akitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Nimekuja kukwambia mapema, usisikie kwa watu. Jumapili, baada ya shukrani kwa Mama Cheptoo, ninamrudishia mchungaji ufunguo wa ofisi."

Jonah akaweka kisu chini. "Kwa nini? Nani amekukosea?"

"Hakuna. Wananipenda. Wakipita dukani kwangu wakija kwako wananisalimu vizuri sana."

"Mimi huwa nawaambia waje kwako. Muulize Rodah. Kila mtu namwambia."

"Unawaambia ukishawamalizia." Akavunja kijiti cha mchai kwa vidole. "Baba, mimi sikuomba hiki kiti. Lakini nilipopewa nilisema nitakikalia. Sasa nakikalia, na kanisa liko kwako linakunywa chai. Watu wa huku hawatanikataa, hapana, hawana ubaya huo. Watanizunguka tu, kama gari linavyozunguka shimo. Na nikiwa shimo kwa mwaka mmoja, wengine waliotoka kwetu, wenye maduka pale chini, watasema: unaona, tulikwambia, kanisa lina wenyewe. Wataanza kusali kivyao. Hilo silitaki liwe mikononi mwangu. Afadhali nitoke sasa."

Jonah akaokota kisu, akakiweka tena chini.

"Sijaja kugombana," Wanjuhi akasema.

"Najua."

"Wewe ni mtu mwema sana," akasema Wanjuhi, na akalisema kwa uchovu, kama mtu anayetaja ugonjwa. Kisha akaondoka kupitia visiki vilevile.

Wakati wa chakula cha mchana alimweleza Rodah yote. Rodah alimsikiliza mpaka mwisho, akachota ugali, akasema, "Sasa umesikia kutoka kwa mtu mwingine."

"Nitatangaza kanisani."

"Utatangaza, na watasema: tazama mzee alivyo mnyenyekevu. Watakuja kukupongeza. Hapa. Na mimi nitaweka chai."

Alikuwa ameshalijaribu hilo, na Rodah alijua. Mwezi uliotangulia alisimama kwenye matangazo akawaomba waumini wampe mwenyekiti mpya heshima yake, na jioni hiyo watu walijaa uani kumshukuru kwa maneno mazuri. Kila alipojishusha walimpandisha, na kila walipompandisha alikuta ngazi imewekwa mahali panapofaa mguu wake. Hilo ndilo lililomtisha sasa, akiwa ameshika tonge. Hakuwa mnafiki. Angekuwa mnafiki ingekuwa rahisi, angetubu. Alikuwa mtu aliyeacha kiti kwa moyo mweupe, akaondoka na mto wa kukalia.

Kwa wiki nzima akapogoa na kufikiri. Na katikati ya michai wazo likamjia, likamwangaza mpaka akasimama na kisu hewani. Kibuyu!

Nyumbani kwa Chepngetich, ambaye watu humwita Mama Cheptoo, kungekuwa na ibada ya shukrani. Binti yake alikuwa amelazwa muda mrefu hospitalini Longisa na sasa amerudi anatembea mwenyewe. Kanisa zima lingekuwepo, na mursik ya Chepngetich husifiwa kutoka Roret hadi Litein. Chepngetich angetoka jikoni na miguu yake, kwa mazoea ya miaka, ingemleta moja kwa moja kwa Jonah. Sawa. Angekipokea kibuyu. Kisha, mbele ya watu wote, mwanamume wa umri wake, mzee wa watu, angeinuka, akatembea hadi kwa Wanjuhi, na kummiminia kwa mkono wake mwenyewe. Kumimina mursik ni kazi ya wanawake. Hakuna aliyewahi kuona mzee akimimina. Wangekumbuka yule Bwana aliyejifunga kitambaa kiunoni akawaosha miguu marafiki zake. Wangeelewa. Hata asiyeelewa angesikia hotuba, maana kulikuwa na hotuba. Jonah aliihutubia michai siku baada ya siku, akiipunguza hapa na kuirefusha pale, hadi visiki vyenyewe vingeweza kuikariri.

Rodah alimkuta akinyoosha mkono mbele ya mstari wa michai. "Unaongea na nani?"

"Naomba."

"Mungu yuko upande huo?"

Jumapili ikafika na jua. Uani kwa Chepngetich kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na mbele kabisa makochi yaliyotolewa sebuleni na kuwekwa nyasini, na vitambaa vyake vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Vijana wa kupokea wageni walimketisha Jonah kwenye kochi la katikati kando ya Mchungaji Ongeri, na Wanjuhi wakamweka pembeni. Hawakufanya kusudi. Wanjuhi alikuwa amevaa gauni jipya la buluu, mkoba mapajani, mkono juu ya mkoba. Jonah alijua ndani ya mkoba mna nini.

Wakasali, wakaimba. Cheptoo akasimama kushukuru, akakaa. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka na Chepngetich akatoka na kibuyu kirefu cheusi kinachong'aa kwa mafuta, kifuniko chake kimeshonewa ushanga. Akasimama. Akatupa jicho. Akapita mbele ya Wanjuhi kama vile kochi lile halina mtu, akaja kwa Jonah.

Wanjuhi akatazama mkoba wake.

Jonah akainuka kabla Chepngetich hajafika vizuri. Akanyoosha mikono miwili, akakishika kibuyu.

"Mzee, ngoja," akasema Chepngetich. "Bado si—"

"Kongoi, asante, Mama Cheptoo. Nipe."

"Unaenda wapi na hicho kibuyu?"

Lakini alikuwa ameshageuka nacho. Mnong'ono ukapita hemani. Akatembea hatua zile chache hadi kwa Wanjuhi, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote, akachukua kikombe mezani akampa ashike. "Mama Njuguna," akaanza, kwa ile sauti iliyozoewa na michai, "na ninyi nyote watu wa Mungu. Leo mikono hii—" na hapo, ili mkono uende pamoja na neno, akafungua kifuniko na kuinamisha kibuyu.

Hakikutoka kitu.

Sasa, kila mwanamke aliyekuwapo alijua kwa nini, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyejua. Mursik ikikaa kibuyuni hujitenga. Maji hubaki chini na malai huganda shingoni kama kizibo. Kabla ya kufungua, mwanamke hukitikisa kibuyu na kukibingirisha pajani, taratibu, mpaka asikie ndani pamekuwa kitu kimoja. Chepngetich hufanya hivyo akiwa amesimama mbele ya mgeni. Jonah alikuwa amekunywa mursik tangu hajaota meno. Alikuwa hajawahi, hata siku moja ya maisha yake, kutazama kinachofanyika kabla kikombe hakijajaa.

Akakiinamisha zaidi. Tone moja la kijivu. Hotuba ikasimama. Akakigonga matako kwa kiganja, kama anavyogonga chupa ya dawa ya ng'ombe. Chepngetich akapiga ukelele, "Mzee, usi—"

Kizibo kikafyatuka.

Maziwa yakaruka. Yakajaza kikombe, yakakipita, yakamwagikia mapajani pa Wanjuhi, juu ya gauni la buluu na mkoba, yakanyunyizia kiatu cha mchungaji, yakatapakaa hadi juu ya kitambaa cheupe cha kochi la katikati yakiwa na michirizi ya mkaa. Donge moja kubwa likabaki limening'inia kwenye mkono wa koti la kahawia.

Hata kuku walisimama.

Kisha kutoka nyuma ya hema ikasikika sauti ya Kogo Chepkemboi, bikizee aliyewahi kuwafundisha nusu ya wanawake wale kusugua vibuyu. "Wei! Amekunywa tangu azaliwe, na hajui kibuyu kina shingo!"

Hema ikalipuka. Walicheka akina mama wakijipiga mapaja, wakacheka wazee waliokuwa hawajui zaidi yake, akacheka Shirley mpaka akaketi chini. Rodah alijificha uso kwenye leso, na leso ilikuwa inatikisika.

Jonah alisimama na kibuyu. Alihisi damu ikipanda shingoni na masikioni. Hakuwahi kuchekwa, si namna hii, si na watu aliowaombea watoto wao. Aliona milango mitatu mbele yake, yote iko wazi. Angeweza kukasirika na kumkemea Chepngetich kwa kibuyu kibovu, na wangenyamaza mara moja. Angeweza kutia utani wake juu ya utani wao, aucheke mkosi akiwa juu yake, maana ulimi alikuwa nao. Au, na huu ulikuwa mlango mpana kuliko yote, angeweza kuinua mkono na kuendelea na hotuba: mnaona, ndugu zangu, jinsi mtu anavyoaibika. Wangelia machozi. Wangekwenda nyumbani wakisema hakuna kama Mzee Jonah. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Akamtazama Wanjuhi. Alikuwa amelowa kutoka kifuani mpaka magotini, anajaribu kuokoa mkoba wake, na hakuna mtu aliyekuwa anamtazama. Wote walikuwa wanamtazama Jonah. Hata aibu ilikuwa yake peke yake.

Akafunga mdomo.

Ndipo Wanjuhi akainuka. Maziwa yakamdondoka. Akasema kwa Kikipsigis, na ule mpando wa sauti wa Kipkelion ukasikika mpaka barabarani: "Mzee Jonah, rudisha kibuyu kwa mwenyewe."

Jonah akamrudishia Chepngetich.

"Sasa ukae."

Akatafuta kochi lake. Lilikuwa limelowa. Akaenda nyuma ya hema, akaketi kwenye benchi, kando ya Kogo Chepkemboi, ambaye alimsogelea kidogo akimnusa koti na kucheka upya.

"Shirley, acha kucheka, anzisha wimbo. Mchungaji, kiatu kitafutwa, kaa tu. Mama Cheptoo, pole kwa kitambaa chako. Tikisa hicho kibuyu vizuri, utumiminie. Na uanze na Cheptoo. Yeye ndiye tumekuja kwa ajili yake. Si kwa ajili yangu, wala ya mzee."

Na ikawa hivyo. Wimbo ukaanza. Chepngetich akakibingirisha kibuyu pajani, akamwendea binti yake aliyekonda, na watu wote wakageukia huko wakiimba, na Cheptoo akanywa, masharubu meupe yakabaki mdomoni, akacheka na kulia pamoja.

Jonah, kutoka nyuma, aliona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelisubiri. Wanjuhi alipotoa amri, hakuna jicho hata moja lililomtafuta yeye ili kuuliza kama ni sawa. Kwa miaka yote ile, mtu yeyote akisema jambo kanisani, macho yalimpitia Jonah kwanza. Leo hayakupita. Alidhani angefurahi. Lilimchoma kama upupu. Aliketi nalo, akachukua kikombe chake kilipofika, karibu cha mwisho, akanywa. Ilikuwa mursik nzuri sana.

Wakati wa kuondoka alimfuata Wanjuhi langoni.

"Mama Njuguna, nisamehe. Gauni." Akafuta doa la koti kwa kiganja. "Na yale mengine. Ya kwaya. Ya wote."

Wanjuhi akamtazama juu mpaka chini, koti na madoa yake. "Gauni litafuliwa."

"Na ufunguo?"

"Upo mkobani, umelowa maziwa. Mchungaji hataupokea hivyo." Akaanza kuteremka, kisha akageuka. "Ulikuwa na hotuba, sivyo? Niliona mdomo wako."

"Ndefu."

"Asante kwa kuimeza," akasema Wanjuhi, na safari hii tabasamu lilikaa.

Nyumbani Jonah alimwomba Rodah amfundishe. Rodah alidhani ni mzaha, akaona si mzaha. Akampa kibuyu kidogo, akamwonyesha jinsi ya kukilaza pajani, jinsi ya kusikiliza. "Usikiharakishe. Si wewe unayeamua, ni maziwa." Siku hizi kwenye shughuli lazima mtu apige kelele, "Mzee amimine!", na akina mama wakashangilia, na yeye huinuka akafanya. Humimina vibaya kidogo, huchekwa kidogo. Hajawahi tena kufunga vifungo vyote vya koti.

Lakini si hilo linalofaa kusimuliwa zaidi. Wiki ile ile, Shirley na wenzake walipanda mlima na jambo jingine. Jonah alikuwa shambani karibu na lango. Aliwasikia wakibishana, na kwa maneno mawili tu aliyoyadaka akajua tatizo na akajua dawa yake.

"Mzee, umejifunza kumimina?" Shirley akapaza sauti.

"Bado!"

Wakacheka, wakapita. Hawakusimama. Alifungua mdomo, akauona mgongo wa mwisho ukipinda kona, akaufunga. Akarudi kwenye visiki vyake. Vijichipukizi vyekundu vilikuwa vimeanza kutokeza, vidogo kama ndimi za paka.

Kabla ya sikukuu ya mavuno ndama wa Jonah alivunja ua, akaingia kwenye shamba la kanisa, akala mstari mzuri wa kabichi. Hakuna aliyemwona ila Jonah mwenyewe alipomfuata. Angeweza kumswaga nyumbani na kunyamaza. Alimfunga, akavaa koti, akateremka sokoni hadi dukani kwa Wanjuhi. Ndani mlikuwa na watu, mteja wa mabati, na mume na mke waliokuja kwa shida yao. Wanjuhi akamwonyesha benchi. "Ngoja zamu yako, Baba."

Akangoja. Alikaa kando ya mteja wa mabati wakazungumza juu ya mvua. Mume na mke wakaongea chini chini nyuma ya kaunta, na Jonah akatazama misumari ili asisikie.

Zamu yake ikafika. Akaeleza.

"Sheria inasemaje?" Wanjuhi akauliza.

"Unaijua."

"Naijua. Umeitunga wewe. Nataka kuisikia."

"Mwenye mnyama atapanda upya, kwa mkono wake, si kwa mkono wa mtu wa kibarua." Akajikuna shingo. "Nilikuwa kijana kidogo nilipoitunga."

"Magoti yako?"

"Mabaya."

Wanjuhi akafikiri. Ilikuwa rahisi kumwachia, na Jonah aliona anaifikiria njia hiyo, na, kwa kuwa ni binadamu, akaitamani. "Jumamosi," akasema Wanjuhi. "Kukiwa na baridi kidogo. Njoo na kitu cha kupigia magoti."

Jumamosi alikuwa huko, amepiga magoti kwenye gunia, mche baada ya mche, wakati watu walipokuwa wakipanda kwenda kusafisha kanisa. Walimsalimu, wakamtania, mmoja akamuuliza kama ndama ameokoka. Alijibu bila kuinua kichwa, vidole vikikandamiza udongo.

"Mwenyekiti!" mtu akaita kwa nguvu kutoka langoni.

Shingo ya Jonah ikanyanyuka yenyewe. Ikafika nusu. Nyuma yake, mtu mwenye gambuti akajibu, "Naam! Nakuja!" na hatua zikampita zikielekea langoni.

Akacheka peke yake, kwa pua, akatazama kama kuna aliyemwona. Kisha akasogeza gunia mbele, akachukua mche mwingine.